Kurasa Nane Nilizoruka

Babu, mume mwenzangu,

Kamwene. Najua huwezi kuitikia, lakini Bibi alinifundisha kwamba mtu anayeacha kumsalimu mkubwa wake kwa sababu mkubwa kanyamaza, huyo ni ng'ombe. Basi nakusalimu. Mke wetu hajambo. Meno yake ni yale yale matano, na yote anayatumia kunisema mimi.

Nakuandikia kutoka Mbeya, nimekaa juu ya gunia la viazi. Lori letu limekatika springi na dereva yuko chini yake tangu asubuhi, miguu tu ndiyo inaonekana. Umesikia sawasawa, lori letu. Ulikufa ukaniacha mzururaji wa Kihesa, sasa mimi ni utingo wa lori la Iringa na Mbeya. Lori likilemewa mlimani, mimi ndiye ninayeruka chini kuweka kigogo nyuma ya gurudumu. Bila mimi mahindi ya watu yangerudi kinyumenyume mpaka Makambako. Watoto wa njiani wananiita kwa jina. Wasichana wa Chimala nao wananiita, lakini hao tuwaache, maana barua hii ina mambo mazito.

Nilitaka nianze na hayo mazito, Babu. Nimeshindwa. Ndivyo ulivyonilea.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ile ya mwisho, nilipokusomea kitabu, niliruka kurasa nane. Nilizishika zote kwa kidole kimoja nikazigeuza kama ukurasa mmoja. Nimelibeba jambo hili tangu siku tulipokuzika, na kulibeba ni kuzito kuliko gunia. Sasa nimejua mengine juu yake, na ndiyo sababu naandika. Lakini wewe ulikuwa ukitaka hadithi ianzie mwanzo, hata kama anayesimuliwa anaijua. Ulikuwa ukisema, "Usinikatie njia, nami nilipita huko." Haya, naanzia mwanzo.

Kitabu ulikuja nacho kutoka vitani. Huko walikupa bunduki ulinde mateka wa Kitaliano waliokuwa wakivunja mawe ya barabara, na mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule. Mikono yake ilikuwa laini, nyundo ilimtoa malengelenge, na ili asilie alikuwa akisimulia hadithi. Hadithi za kwao, za zamani sana, za wakati wa mababu wa mababu zake, zilizoandikwa katika kitabu alichokificha kifuani. Alianza kwa kuchanganya Kiswahili kibovu na Kitaliano, akamaliza kwa Kitaliano kitupu, na wewe ukawa unaelewa. Vita vilipokwisha akakupa kitabu, wewe ukampa blanketi. Ukarudi Kihesa na lugha ya watu kichwani, na kitabu usichoweza kukisoma, maana shule hukuiona hata kwa mgongo. Ukakitia katika sanduku la bati chini ya kitanda.

Mimi nami niliacha shule darasa la nne. Wengine wanasema shule ndiyo iliyoniacha. Vyovyote vile, siku moja nilisimama mbele ya wanywaji wa ulanzi nikatangaza kwamba hakuna kitabu duniani kinachonishinda. Ukaniuliza kutoka kwenye kona yako, bila kuinua uso kwenye kikombe, "Hata changu?" Ukamtuma Bibi akilete. Alikileta kimefungwa katika ngozi ya mbuzi uliyoishona mwenyewe, kwa sababu jalada lake lililiwa na mchwa.

Nilikifungua nikaona maneno nisiyoyajua hata moja. Ningesema nini, na watu wote wananitazama? Nikasoma. Nikasoma kama tunavyosoma Kiswahili, a ni a, e ni e, mdomo unakwenda wenyewe. Nilijua nitachekwa. Kumbe maneno ya Wataliano nayo yanatembea hivyo hivyo, kila irabu na mguu wake. Uliweka kikombe chini. Ukafumba macho. Ukanisahihisha mara moja tu, "Hiyo ch isome k," kisha ukasema, "Endelea." Nilipomaliza ukurasa uliinua mkono, ukawageukia watu, ukawaambia kwa Kihehe na Kiswahili mambo niliyokuwa nimeyasema. Watu wakacheka mpaka ulanzi ukamwagika. Mimi nilicheka kuwashinda, nikajifanya nilijua tangu mwanzo.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Mimi nilikuwa na macho, wewe ulikuwa na masikio. Kila Jumamosi na Jumapili saa tisa, jua likipiga ukuta wa nyuma wa nyumba, unakaa kwenye kigoda chako, mimi kwenye kinu kilichopinduliwa. Hadithi ni mia, na tulifika sitini na tatu. Hakuna mtu mwingine kati ya Iringa na Mbeya aliyezisikia hadithi hizo, na ninasema hivyo mimi ninayeijua barabara yote.

Sijui kama niliwahi kukwambia jinsi nilivyozipenda. Nilikuwa nakwambia tu kwamba naweza kutunga nzuri zaidi. Uongo huo, Babu. Nilizipenda kwa sababu hakuna mtu ndani yake anayeona haya kuwa na akili. Mke anamzidi mume, mtumishi anamzidi bwana, mlafi anakwama mlangoni kwa tumbo lake mwenyewe. Halafu, katikati ya vicheko, inakuja moja ya mtu aliyependa na akakosa, na hiyo wanaisimulia bila kuharakisha, kama mtu anayepita na maji kichwani. Wewe ulikuwa hutofautishi za kuchekesha na za kuliza. Zote ulizisimulia kwa sauti ile ile, sisi wenyewe tukajua pa kucheka na pa kulia.

Na nilipenda namna kitabu kilivyopangwa. Mji wao umeingiliwa na ugonjwa, watu wanakufa kama kuku wa kideri. Vijana wachache wanatoka, wanakwenda shamba, wanakaa kivulini na kusimuliana. Niliuliza kwa nini wasilie badala ya kuchekeshana, na ndugu zao wanazikwa kule. Ulinitazama kama nimeuliza kwa nini mvua inalowesha. Ukasema, "Sisi msibani tunafanya nini? Si watani wanakuja kumwigiza marehemu, watu wanacheka na kamasi zinawatoka? Hiki ni kitabu cha matanga, mume mwenzangu. Kifo kimekaa mlangoni. Basi acha nacho kisikilize."

Sasa Jumamosi ile.

Mjini kulikuwa na dansi la gramafoni, linaanza saa kumi na moja. Nilikuwa nimepiga pasi shati jeupe. Wewe ulikuwa unakohoa tangu Jumatano, kikohozi kile cha chini, lakini uliposikia hatua zangu ulijikokota ukatoka nje, ukakaa kwenye kigoda na koti lako la jeshi begani wakati jua linawaka. Ukasema shati langu limenyooka kama la bwana shauri. Nikafungua kitabu.

Ilikuwa hadithi ya sitini na tatu. Kijana mfanyabiashara ametoka kwao, amekaa ugenini, amesahau hata kutuma salamu. Anapata habari kwamba baba yake mzee anaumwa. Anapanda nyumbu, anashika njia ya nyumbani. Nilisoma mpaka hapo, nikatazama jua, nikaona kurasa zilizobaki, nikazishika zile nane. Nikaangukia mwishoni, pale baba anapompa kijana funguo za nyumba na watu wanakula. Nilisoma kwa sauti kubwa ili usishtuke. Nilijiona mjanja. Nilijiona mmoja wao, wale wa kitabuni wanaowafunga wazee kamba.

Ulifumba macho. Nikafikiri umesinzia. Kisha ukanisimulia, na hukuruka kitu.

Ulisema kijana alifika nyumbani akamkuta baba kitandani. Baba akamwambia, kaa nami mpaka mshumaa huu uishe. Nje ilikuwa sikukuu, zumari zinapigwa, vijana wenzake wanamwita. Baba alipofumba macho, kijana akatoa kisu, akaukata mshumaa chini, akatia kipande kirefu mfukoni, akakirudisha kile kifupi mahali pake. Mshumaa ukaisha upesi, akaenda. Asubuhi akarudi, viatu vimejaa vumbi la ngoma. Baba akamwambia, "Mshumaa wa jana ulikuwa mzuri, ulitutosha." Akampa funguo.

Nilicheka sana. Nilisema, "Mzee mjinga huyo, Babu." Ukasema si mjinga. Ukasema mzee alikuwa hawezi tena kwenda ngomani, na zumari zilikuwa zinapigwa pale karibu, na masikio yake yalitaka kusikia ngoma yenye mtu wake ndani. Kisha ukasema, "Nenda, shati litakunjika."

Nilikwenda. Nilicheza vizuri, Babu, kama unataka kujua. Jumapili nililala mpaka mchana, nikaona aibu kuja nimechelewa, nikasema kesho. Jumatatu Bibi alikuletea uji, ukawa huuhitaji.

Msibani nilifanya kazi yangu. Wajukuu tulikuwa wengi lakini nani angenizidi mimi? Nilivaa koti lako, nikashika fimbo yako, nikakaa kwenye kigoda chako katikati ya waombolezaji, nikakohoa kikohozi chako. Nikaomba ulanzi kwa sauti yako, nikalalamika kwamba ni mwepesi. Wanawake waliokuwa wanalia walianza kucheka huku wanalia, ikawa kelele moja isiyo na jina. Kisha nikawaambia, nisikilizeni, nawapa hadithi nzuri kuliko zote katika kitabu changu. Nikawapa ile ya mshumaa. Niliisimulia kwa sauti yako, bila kuharakisha. Nikaapa kwamba ndivyo ilivyoandikwa, na kwamba mjukuu wangu msomi ameisoma neno kwa neno.

Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakucheka. Alinitazama muda mrefu, kisha akafunika uso kwa kanga.

Baada ya arobaini nilipata kazi ya lori. Kitabu nilikichukua, natembea nacho katika gunia langu, chini ya blanketi. Nikifungua nasoma, mdomo unakwenda, na ndani hamna kitu. Ni kama kupiga hodi kwenye nyumba ninayoijua. Dereva aliniambia niache kumpigia kelele za Kilatini, yeye si maiti. Hadithi thelathini na saba zimebaki, na zile kurasa nane. Hizo nane ndizo zilizoniuma. Nilijiambia kwamba nilimnyima mzee mgonjwa kurasa nane za mwisho alizopaswa kuzisikia duniani, kwa ajili ya gramafoni.

Mwezi uliopita lori lililala Iringa siku mbili. Nikakichukua kitabu nikaenda misheni, kwa padri mzee wa Kitaliano. Niliogopa, sikufichi. Unajua mapadri wa kwenye hadithi zile wanavyofanyiwa. Niliwaza atakitupa jikoni kabla sijamaliza kusalimu. Nilivua kofia, nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo," nikasimama kama mtu aliyekuja kubatizwa mara ya pili.

Alifungua ngozi ya mbuzi. Akavaa miwani. Akafungua ukurasa mmoja, akafungua wa pili, mabega yakaanza kutikisika. Nikadhani ni hasira. Babu, padri alikuwa anacheka. Alisema alipokuwa kijana seminarini alikatazwa kitabu hiki, akakisoma ndani ya kabati la majoho, na tangu siku hiyo hajakiona tena. Aliniuliza nani alikuwa akinisomea. Nikasema mimi ndiye niliyekuwa nasoma, babu ndiye aliyekuwa akisikia. Hakuelewa. Nikamsomea nusu ukurasa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Nikamwonyesha zile kurasa nane. Nikamwomba anieleze yaliyomo, maana najua mwanzo na mwisho, na katikati najua tu kwa kusikia. Alinieleza polepole, kwa kile Kiswahili chake safi kisicho na utani.

Kijana anapopumzika njiani, mwenye nyumba ya wageni anadai nyumbu ni wake. Wanakwenda kwa hakimu. Hakimu, mvivu kuliko mimi, anasema nyumbu aachwe njia panda, atakayemfuata ndiye mwenyewe. Kijana anajaza chumvi mfukoni, nyumbu anamfuata kama mbwa, hakimu anasifiwa kwa hekima. Kijana anafika kwao mbio, moyo mkononi. Baba yake yuko mlangoni anakula zabibu, mzima kabisa. Alijifanya mgonjwa ili mwanawe arudi nyumbani. Wanacheka wote wawili, anampa funguo, watu wanakula.

Nikangoja. Nikamuuliza padri, na mshumaa? Akasema mshumaa gani. Nikamwambia atazame vizuri, pengine ni ukurasa unaofuata. Akatazama, mzee wa watu, kidole chake kikapita mstari kwa mstari kurasa zote nane. Akasema, "Mwanangu, hapa kuna nyumbu, kuna hakimu, kuna chumvi. Mshumaa haumo."

Nilirudi Kihesa kwa miguu. Nilimkuta Bibi anapepeta mahindi. Sikumweleza chochote, nilimuuliza tu, "Mke wangu, unaijua hadithi ya nyumbu na chumvi?" Hakuacha kupepeta. Akasema, "Ile ya baba mwongo? Alinisimulia wiki ile ile aliporudi vitani, hata viatu hajavua. Ndiyo aliyokuwa akiipenda."

Basi ulikuwa unaijua. Uliijua yote kabla sijajua kusoma. Nilipozigeuza kwa kile kidole ulisikia shimo lilipo, ulijua kilichopaswa kuwa ndani, ungeweza kunikamata sikio ukaniambia rudi nyuma. Badala yake ukatia kitu chako katika shimo lile. Nilimuuliza Bibi kwa nini hakusema siku ya matanga, niliposimama nikaapa mbele ya watu. Alisema mtani hakatizwi msibani. Kisha akasema jioni ile, mimi nilipokwisha kwenda, alikukemea kwa kuniacha niondoke na wewe unaona hali yako. Ukamjibu, "Mwache. Hata mimi nilikuwa nimevaa kuchoka."

Mimi sijui maana ya kuvaa kuchoka. Bibi anasema hata yeye hajui. Labda ni homa. Lakini lile la mshumaa nalijua.

Baba wa kitabuni alijifanya mgonjwa ili mwanawe arudi. Wewe ulijifanya mzima ili mjukuu wako aende. Nami niliyejiona mjanja, katika hadithi zote sitini na tatu, mjinga aliyefungwa kamba kuliko wote nilikuwa mimi, nimevaa shati jeupe. Uliniambia usoni kwamba umeniona, nami nikacheka, nikamwita mzee wa watu mjinga. Nikaja nikalisimulia jambo hilo kwenye maziko yako kama sifa yangu.

Sijalia mbele ya dereva. Nilimwambia ni vumbi la Igawa, na siku ile mvua ilikuwa inanyesha.

Sasa nikuambie tulivyopatana na padri. Lori likilala Iringa siku ya Jumapili, nakwenda baada ya misa ya pili. Mimi nasoma, yeye anasema maana. Kusoma anaweza mwenyewe, tena kunishinda, lakini nimekataa. Kazi ya macho ni yangu, nilipewa na mwenyewe. Tumekwisha soma tatu. Hadithi zake hazina ulanzi ndani, na panapokuwa na padri mlafi anashusha sauti, lakini anajitahidi. Nikirudi kwa Bibi namsimulia upya, naongeza vya kwetu, naye ananiambia ungeisimuliaje wewe. Tutafika mia. Itachukua muda, kwa hali ya springi hizi, lakini tutafika, na sitaruka ukurasa, hata ule wenye majina matupu ya watu na miji.

Ile ya mshumaa naisimulia pia. Niliisimulia hapa Mbeya juzi, kwa wapakiaji wa Kinyakyusa waliokaa kungoja mzigo, na mmoja wao, mtu mzima mwenye mabega kama mlango, aliinuka akaenda kusimama nyuma ya lori peke yake. Sisemi tena kwamba imo kitabuni. Nasema ni ya babu yangu.

Barua hii nitaikunja mara nne, niitie kati ya zile kurasa nane, ili atakayekuja kukisoma baadaye asikute shimo.

Tena nimenunua mshumaa, hapa dukani Mbeya, mrefu kuliko mkono wangu mpaka kiwiko. Dereva anasema jioni hii springi itakuwa tayari. Jumapili mchana nitakuja kaburini. Najua Jumapili hiyo kuna dansi, na shati ninalo. Nitauchomeka mshumaa mzima kama ulivyo, nitakaa pale chini, na upepo wa Kihesa ukiuzima nitauwasha tena, na tena, mpaka uishe wenyewe.

Pumzika, Babu. Mke wetu ninaye.

Mjukuu wako, macho yako